Shujaa Tunayemtazama na Shujaa Tunayeambiwa Tuwe



Juma hili tunawaalika mtafakari pamoja nasi jambo ambalo wengi wenu hulipita bila kulipa uzito: hadithi ambazo vijana huzitazama katika filamu za anga za juu, na zile wanazozicheza wenyewe katika kompyuta. Wazazi wengi huona humo milipuko na rangi za kung'aa tu. Hata hivyo, nyuma ya kelele hizo kuna historia ya masimulizi yenye kulizunguka swali moja zito: je, mtu aliyekwisha kupotea anaweza kurudi? Tunaona kwamba mzazi anayeifahamu historia hiyo atazungumza na mwanawe vema kuliko yule anayejua kuzima umeme tu.

Tuanzie mbali kidogo. Mwezi Machi 1939, katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland, J.R.R. Tolkien alitoa mhadhara juu ya ngano. Tolkien alikuwa Mkatoliki. Mama yake alipofariki mwaka 1904, aliyebaki mlezi wake alikuwa padri. Katika mhadhara ule alitetea ngano dhidi ya wale wanaodhani ni chakula cha watoto peke yao. Alieleza kwamba mwanadamu hutunga kwa sababu yeye mwenyewe ameumbwa kwa mfano wa Mtunzi. Tena aliona kwamba alama ya ngano iliyo bora ni ule mgeuko wa ghafla wa furaha, pale ambapo tumaini lote limekwisha, na kwamba Ufufuko ndio mgeuko wa namna hiyo uliotokea katika historia yenyewe. Kitabu chake kikubwa, The Lord of the Rings, kilichapwa kwa sehemu tatu mwaka 1954 na 1955.

Miaka ishirini hivi baadaye, mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao baadhi ya viumbe wa Tolkien waliingia ndani yake. Mchezo huo haukuhitaji mashine yoyote. Watu huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi. Wengine kila mmoja huvaa uhusika wa mtu fulani, awe askari, mganga au mwizi. Kete huamua kama jambo walilolijaribu limefaulu. Hapo ndipo lilipotokea badiliko kubwa. Tangu zamani msikilizaji wa hadithi aliitikia, alicheka na alilia, lakini hakumwamulia shujaa njia ya kupita. Mezani pale msikilizaji alifanywa kuwa shujaa mwenyewe, na msimulizi akalazimika kumngoja aseme, “Mimi nafanya hivi.”

Mnamo Mei 1977 ikatoka filamu ya Star Wars ya George Lucas. Lucas aliichota hadithi yake katika visima vingi: filamu fupi za Flash Gordon zilizooneshwa sehemu kwa sehemu miaka ya 1930, filamu ya Mjapani Akira Kurosawa, The Hidden Fortress, ya mwaka 1958, na kitabu cha Joseph Campbell, The Hero with a Thousand Faces, cha mwaka 1949. Campbell, aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki ingawa baadaye aliiacha imani hiyo, alidai kwamba hadithi za mashujaa wa mataifa mengi zina mkondo mmoja: kijana anaitwa, anaacha nyumba yake, anapita katika majaribu, kisha anarudi na zawadi kwa watu wake. Kijana Luke wa filamu ile, mkulima wa sayari ya jangwa, anaufuata mkondo huo karibu hatua kwa hatua.

Mzee anayemwita Luke aiache nyumba yake aliigizwa na Alec Guinness. Mwigizaji huyu alipokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1956. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba miaka michache kabla ya hapo, akiigiza nafasi ya padri huko Ufaransa katika filamu ya Father Brown, mtoto asiyemfahamu alimwona amevaa kanzu, akamshika mkono na kutembea naye kwa imani yote, akidhani ni padri kweli. Guinness aliguswa na imani ile ya mtoto, na hakuisahau. Vazi la uhusika huweza kumfundisha anayelivaa. Tutalirudia jambo hili hapa chini.

Wapo wanaouliza juu ya ile “Nguvu” inayotajwa katika filamu hizo. Katika mahojiano ya mwaka 1999, Lucas alieleza kwamba aliiweka humo ili kuamsha kwa vijana hamu ya mambo ya kiroho, wala hakukusudia kuanzisha dini. Tulipokee neno lake, lakini tuwe macho. Nguvu ile haina uso, haipendi, wala haimwiti mtu kwa jina lake. Ina upande wa nuru na upande wa giza, na mwenye ujuzi huweza kuitumia atakavyo. Mungu hatumiwi hivyo. Hazina ya filamu zile tunaiona mahali pengine.

Tunaiona katika hadithi ya baba na mwana. Katika filamu ya pili, ya mwaka 1980, Luke anagundua kwamba Darth Vader, mtesi mwenye kinyago cheusi, ndiye baba yake mzazi. Katika ile ya tatu, ya mwaka 1983, wakubwa wote wanamwambia kwamba huyo hana tena la kuokoa, ila auawe. Luke anakataa. Anamshinda baba yake kwa upanga, kisha, akiwa na uwezo wa kummaliza, anautupa upanga wake chini mbele ya mfalme mwovu. Ni mikono mitupu ile, pamoja na kilio cha mwana anayeteswa, inayomrudisha Vader. Naye anamwokoa mwanawe kwa gharama ya uhai wake. Huo ndio mgeuko alioufundisha Tolkien. Mkristo hawezi kuutazama asimkumbuke yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Bwana, aliyepata kwa saa moja kile alichokipoteza kwa miaka.

Lakini katika sinema sisi tu watazamaji. Luke anachagua, sisi tunakaa gizani tukimshangilia, kisha tunarudi nyumbani. Itakuwaje hadithi ya namna hiyo ikimgeukia mtazamaji na kumwambia achague yeye?

Jibu lilianza kutafutwa katika kompyuta za vyuo na maabara. Karibu mwaka 1976, Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta na mpenzi wa mapango ambaye pia alicheza Dungeons & Dragons, aliandika programu iliyomwezesha mtu kutembea pangoni kwa maneno tu: unaandika uelekee wapi, na mashine inakuambia unachokiona. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, naye alitaka kitu cha kucheza pamoja na binti zake. Mwaka 1977 Don Woods aliipanua kazi hiyo. Basi mojawapo ya chemchemi za michezo hii ni baba aliyetafuta njia ya kuwa karibu na watoto wake. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu leo mchezo huohuo katika nyumba nyingi huwatenga baba na mtoto.

Kisha akaja kijana wa Texas, Richard Garriott, aliyetoa mchezo wa Ultima mwaka 1981. Humo mtu wa enzi za mapanga na farasi hufika mahali akapanda chombo na kupigana vita angani, kana kwamba ametoka katika ngano moja kwa moja hadi katika Star Wars. Katika michezo hiyo ya mwanzo mchezaji aliweza kuiba na kuua hata raia wasio na hatia ili ashinde, na mashine haikujali. Mchezo wa tatu ulipotoka mwaka 1983, Garriott alianza kupokea barua za watu, akatambua jinsi wachezaji walivyoishi ndani ya ulimwengu wake, na jinsi baadhi ya watu walivyoshtushwa nao. Jibu lake lilikuwa mchezo wa nne, wa mwaka 1985, usio na adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Kazi ya mchezaji ni kukua katika fadhila nane, miongoni mwake unyofu, huruma, haki, sadaka na unyenyekevu. Yupo humo muuza mitishamba kipofu anayekuachia uhesabu mwenyewe fedha unazomlipa. Ukimpunja hapigi kelele, wala hakuna askari anayekuja; lakini mchezo umeandika, na siku moja utaona kwamba njia imefungwa. Ni katekesi gani ya dhamiri iliyo wazi kuliko hiyo?

Hata hivyo, dhamiri ikishatiwa katika mashine huwa hesabu: tenda jema, ongeza alama, tenda baya, punguza. Hatari yake mnaiona. Kijana huweza kumpa maskini fedha si kwa kumhurumia, bali kwa kuitaka alama. Na kama mchezo wa aina hiyo ungemhesabia Vader, tendo lake la mwisho lingekuwa tone tu juu ya deni la miaka mingi. Hesabu haijui msamaha. Tangu hapo, waandishi walio bora wa michezo hii wamekuwa wakipambana na kasoro hiyo.

Mwaka 2003 kampuni ya BioWare ya Kanada ilitoa mchezo wa Knights of the Old Republic, unaosimulia mambo ya karibu miaka 4,000 kabla ya filamu za Lucas. Kipimo cha nuru na giza kimo humo, nacho hupanda na kushuka kwa matendo ya mchezaji. Lakini kiini cha masimulizi ni kingine. Mchezaji huzunguka sayari nyingi akisikia habari za Revan, shujaa wa zamani aliyegeuka kuwa bwana wa giza na kuziletea dunia nyingi maangamizi. Anamchukia Revan, anamhukumu. Kisha, hadithi ikiwa imekwenda mbali, anaambiwa kwamba kumbukumbu zake zilibadilishwa, na kwamba Revan ni yeye mwenyewe.

Ndugu wapendwa, njia hii ya kusimulia si ngeni kwetu. Nabii Nathani alimsimulia mfalme Daudi habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Mfalme akawaka hasira juu ya tajiri huyo. Ndipo nabii akamjulisha kwamba mtu huyo ni yeye. Mwaka 1980 mtazamaji alimwona Luke akigundua kuwa ni mwana wa mwovu. Mwaka 2003 mchezaji aligundua kuwa mwovu ni yeye, akaulizwa: sasa utakuwa nani? Akiichagua nuru, anaweza hata kumrudisha kwa maneno mwenzake aliyeanguka, bila kumwua. Hapo vazi la uhusika linaanza kumfundisha anayelivaa.

Mchezo uliofuata, wa mwaka 2004, ulikwenda mbali zaidi. Ombaomba anamwomba mchezaji fedha kidogo. Akimpa, baadaye huonyeshwa yule maskini akivamiwa na mwingine kwa sababu ya fedha hizo. Akimnyima, huonyeshwa maskini akimvamia mwingine. Mwanamke mzee aitwaye Kreia, aliye pamoja na mchezaji, humkaripia kwa vyovyote vile: ulitafakari tendo lako litafika wapi? Hatukubaliani na Kreia, kwa maana yeye angetaka tufumbe mkono kabisa. Lakini swali lake linamfaa kila anayetoa sadaka ili tu ajisikie mwema.

Mwaka 2007 BioWare ilileta Mass Effect, ambamo wema na ukali wa nahodha wa chombo cha angani huhesabiwa katika vipimo viwili mbalimbali, wala kimoja hakikifuti kingine. Na maamuzi ya mchezaji huhifadhiwa, yakaendelea katika michezo ya mwaka 2010 na 2012. Hadithi ilipofika mwisho, wachezaji wengi walilalamika kwamba chaguzi zao za miaka mitano zimeishia kuwa kitu kimoja, hata waandishi wakalazimika kuupanua mwisho huo katikati ya mwaka 2012. Malalamiko hayo yana neno la kutuambia: mwanadamu hakubali kuambiwa kwamba alichokichagua hakikuwa na maana.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, uliona kwamba hata kusimulia uovu kunaweza kumsaidia mtu kumjua mwanadamu kwa undani, mradi sheria ya maadili iheshimiwe. Nasi hatusemi kwamba kila mchezo ni mwema. Mingi ni mitupu, mingine inadhuru, na hata ulio mzuri huwa mwizi ukila usiku wote wa mtoto. Tunachosema ni kwamba mzazi asiishie kuuliza, “Umecheza saa ngapi?” Aketi kando yake siku moja, amuulize: huyu unayemcheza ni nani? Ulipompata yule kipofu peke yake, ulimlipa kiasi gani? Adui yako alipoanguka, ulifanya nini, na kwa nini?

Kijana anaweza kushangaa kuulizwa hivyo. Lakini atajibu, na katika majibu yake mzazi atasikia jambo ambalo kipimo cha mashine hakiwezi kulionyesha, nalo ni moyo wa mwanawe unavyojifunza kuchagua.

Tunawatakia Dominika njema, ninyi na watoto wenu.