Mkate Mlangoni: Mwaka Mpya wa Waayalandi na Njaa ya Turkana

Zamani, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, katika nyumba nyingi za wakulima wa Ayalandi, mwenye nyumba alitwaa mkate mkubwa, akaung'ata mara tatu kwa jina la Utatu Mtakatifu, kisha akaubwaga mlangoni kwa nguvu zake zote, huku akiiamuru njaa itoke nchini mwao tangu usiku ule hata mwaka wa pili. Na vipande vilivyotawanyika sakafuni viliokotwa, aila nzima ikala, pasitupwe hata chembe. Aghalabu kila mtu alikula usiku huo mpaka akashiba kabisa, kwa itikadi kwamba alalaye na shibe hapungukiwi riziki mwaka mzima, na baadhi yao waliuacha mlango bila komeo kwa ajili ya roho za marehemu wao.

Desturi hiyo ilikuwako kabla ya 1845, mwaka ambao maradhi ya viazi yaliizusha njaa iliyodumu hata 1852, ikaua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine kiasi hichohicho. Kwa watu waliopatwa na msiba wa namna hiyo, ule mkate haukuwa mchezo.

Habari hii yatuhusu sisi wa Lodwar, Kakuma na Kalobeyei, maana Turkana, wilaya ambayo serikali ya kikoloni iliifungia wageni kwa miaka mingi, ilifunguliwa kwa wamisionari wakati wa njaa ya 1961, na miongoni mwa waliokuja na chakula walikuwamo mapadri wa Kiayalandi wa Shirika la Mtakatifu Patrick, lililoasisiwa Kiltegan mwaka 1932. Mmoja wao, John Mahon, aliongoza Kanisa la eneo hili tangu 1968, na 1978, Lodwar ilipofanywa jimbo, akawa askofu wake wa kwanza.

Na mwaka mpya kwetu si wa Januari tu: Kalobeyei, makazi yaliyofunguliwa 2016 kwa wakimbizi na wenyeji pamoja, ina kalenda zaidi ya moja: Mhabeshi huanza mwaka wake Septemba, aghalabu tarehe 11, mvua za kwao zikiisha. Mturkana kwa asili hakuhesabu kwa Januari, bali kwa akiporo, majira ya mvua, na akamu, kiangazi. Na miaka ya dhiki aliipa majina, hata ile ya 1979 hadi 1981, ambapo ukame, maradhi ya mifugo na uvamizi vilikumba zizi baada ya zizi, wazee wanaitaja mpaka leo kwa jina la Lopiar.