Kesi ya anwani isiyoishia na .tz

Desemba 16, 2016, Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, baada ya kushikiliwa na polisi tangu Desemba 13. Alifunguliwa kesi tatu kwa mkupuo. Kiini cha ugomvi kilifahamika: polisi walitaka taarifa za wanachama wa JamiiForums walioandika bila kutaja majina yao halisi, naye hakuzitoa. Lakini katika mojawapo ya kesi hizo mlikuwa na shtaka la aina yake: kusimamia tovuti isiyosajiliwa kwa kikoa cha Tanzania, yaani .tz. Anwani ya jukwaa lake iliishia na .com.

Tuanzie nyuma kidogo, maana tarehe zenyewe zinasema mengi. Melo na Mike Mushi walianzisha jukwaa hilo mwaka 2006 likiitwa Jambo Forums. Jina la JamiiForums lilikuja 2008. Wakati huo usajili wa .tz ulikuwa bado Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taasisi ya tzNIC, iliyoundwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti, ilikabidhiwa kazi hiyo 2010, mwaka uleule ilipotungwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta iliyotumika katika shtaka hilo la .tz. Kwa hiyo jukwaa lilikwisha kuwa na jina na wasomaji kabla ya sheria iliyokuja kulifanya jina hilo kuwa kosa.

Kulinda majina kwa sheria si jambo baya. Mkulima wa Kasekese, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, akinunua mbegu za mahindi hana maabara ya kuzipima. Anatazama jina na nembo kwenye mfuko, analipa, anapanda. Nembo ikiwa ya kughushi, atajua mbegu zisipoota, na mvua za kupandia zimeshapita. Ndiyo maana kuna Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986 inayosimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ingawa nguvu yake inaishia Tanzania Bara. Zanzibar ina usajili wake.

Intaneti ilipokua, wajanja walianza kusajili anwani zenye majina ya kampuni za watu ili wawauzie wenyewe kwa bei ya kuruka. Mwaka 1999 ICANN, chombo kinachosimamia mfumo wa majina ya intaneti duniani, kiliweka utaratibu wa usuluhishi. Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu kwa pamoja: anwani inafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, aliyeisajili hana haki nayo, na aliisajili na kuitumia kwa nia mbaya. Akishinda, anwani inafutwa au anakabidhiwa. Hapelekwi mtu rumande. Anayeitumia anwani kwa haki, bila kutafuta faida wala kupotosha wateja, ana utetezi unaotambuliwa.

Sasa pima shtaka la Kisutu kwa mizani hiyo. Ni mteja gani alidanganywa na .com? Nani aliibiwa jina? Hakuna. Kwa maoni yangu, sheria ya majina ilitumika hapo kama rungu dhidi ya jukwaa lililokataa kuwataja waandishi wake.

Kesi hizo zilidumu karibu miaka minne. Juni 2018 Melo aliachiwa huru katika moja. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika nyingine kwa kuzuia upelelezi, akaamriwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka mmoja. Novemba 2020 ile iliyobeba suala la .tz ilimalizika kwa kuachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa miezi 12. Katikati ya hayo, 2018, zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizodai leseni, na baadaye, Septemba 2025, TCRA ilisitisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90.

Kutoka Kasekese hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na mwananchi mwenye malalamiko dhidi ya kiongozi wake anaihitaji simu kuliko nauli. Wabunge wetu, mtakapozigusa tena sheria za mtandao, mwadhibuni anayeghushi jina la mwenzake. Anayewapa watu nafasi ya kusema asishtakiwe kwa herufi zinazomalizia anwani yake.