Makumbusho ya Historia ya Jeshi, Vienna

Makumbusho ya Historia ya Jeshi ya Austria yapo Vienna, katika jengo la karne ya 19 lililomo eneo la Arsenal. Miongoni mwa sare, silaha na zana zilizohifadhiwa humo ni koti lenye madoa ya damu alilovaa Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme, alipouawa kwa risasi mjini Sarajevo tarehe 28 Juni, 1914, pamoja na gari alilopanda. Mauaji hayo yalichochea Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyofika Tanga Novemba mwaka huohuo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walipoteza maisha; wengi wao walizikwa bila majina yao kuandikwa popote.