Kufugwa si Kufugika: Mbwa wa Kale na Istilahi Yao

Mfasiri akikutana na neno domestikesheni katika makala ya akiolojia, jibu la kwanza linalomjia ni "ufugaji", na hapo ndipo anapopotea. Ufugaji ni kazi ya mtu: ana kuku, anawalisha, jioni anawafungia. Domestikesheni ni jambo linaloupata ukoo mzima wa mnyama, kizazi baada ya kizazi, hata umbo, tabia na uzazi wake vikatengana na vya jamaa zake wa porini. Mawili haya hayaendi pamoja siku zote. Tembo wa Asia wamebeba watu na magogo tangu enzi na enzi, lakini wengi walinaswa msituni, na ukoo wao umebaki wa mwituni. Mbwa koko wa jalalani yeye hana mfugaji wala banda wala jina, na bado ukoo wake uliachana na wa porini zamani sana.

Kwa hiyo napendekeza tuseme kufugika. Wasemaji hulitumia neno hili kila siku: mnyama fulani hafugiki, fulani anafugika. Tena, kama vunjika na zoeleka, linataja hali iliyofikiwa bila kumtaja aliyeileta. Kwa mwanaisimu hilo ni jambo dogo, lakini kwa mwanaakiolojia wa mbwa ni kubwa.

Tuchukue Koster. Ni shamba la mahindi katika bonde la mto Illinois, Marekani, ambalo Stuart Struever na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern walilichimba kuanzia 1969 hadi 1978, wakishuka tabaka moja baada ya jingine. Chini kabisa ya mahindi ya leo waliishi wenyeji wa kale waliokula kulungu, samaki na kokwa za miti, wasiokuwa na ng'ombe, mbuzi wala shamba. Katika makazi yao walikutwa mbwa watatu, kila mmoja katika shimo lake lisilo na kina kirefu. Mwaka 2019 Angela Perri na wenzake walitangaza vipimo vya redio-kaboni vilivyofanywa kwenye mifupa ya mbwa wenyewe, ya Koster na ya mahali jirani paitwapo Stilwell. Umri ulitoka takriban miaka 10,000, na kwa wakati ule yakawa mazishi ya kale zaidi kujulikana duniani ya mbwa aliyezikwa peke yake.

Sasa angalia jinsi ushahidi unavyogawanyika. Mifupa ilikuwa imelala kwa mpangilio wake, na haikuwa na alama za jiwe la kuchunia wala kukatia nyama. Mzoga uliotupwa jaani hausalimiki namna hiyo, maana hutafunwa na kutawanywa. Hilo linatuambia habari ya mbwa mmoja mmoja: alikuwa na watu, na alipokufa walimzika. Yaani alifugwa. Lakini mtu anaweza kumzika hata mtoto wa mbwamwitu aliyemlea. Kujua kama ukoo ulikwisha kufugika, inabidi upime fuvu na taya, uone kama pua imefupika na meno yamebanana, kisha uchunguze DNA. Ni maswali mawili yenye ushahidi tofauti, na neno "ufugaji" linayachanganya.

Mfano mzuri zaidi wa kufugwa, kwa maoni yangu, uko Ujerumani, mahali paitwapo Bonn-Oberkassel. Mwaka 1914 wachimba mawe walifukua mifupa ya mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mabaki ya mnyama. Taya lake likawekwa ghalani likidhaniwa ni la mbwamwitu, hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 lilipotambuliwa kuwa la mbwa. Ana umri wa kama miaka 14,000. Enameli ya meno yake ina mistari ya kasoro, dalili kwamba aliugua vibaya akiwa bado kijana, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ukaona kuwa huenda ulikuwa ugonjwa wa distempa. Alikufa ana miezi kama saba. Mbwa mwenye distempa hutapika, huharisha, hawezi kuwinda wala kulinda. Wiki zote zile alizopona na kuugua tena, lazima kulikuwa na mtu wa kumpa maji na kumsafisha.

Nani basi aliwafanya mbwamwitu wafugike? Wapo wanaosema watu waliokota watoto wa mbwamwitu wakawalea. Wengine wanasema wale waliokuwa na woga mdogo walijisogeza wenyewe kwenye mabaki ya nyama, wakazaana huko pembeni mwa kambi. Ubishi haujakwisha, na "kufugika" inauacha wazi kama ulivyo. "Ufugaji" ungekuwa umeshaamua.

Kwa Koster ungepotosha zaidi. Utafiti wa DNA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mbwa wa kale wa Amerika hawakutokana na mbwamwitu wa huko. Asili yao ni Siberia. Watu wa Koster, basi, walifuga mbwa ambaye tayari alikuwa amefugika katika bara jingine. Mbwa hao karibu wote walitoweka baada ya Wazungu kufika. Jamaa yao wa karibu anayeendelea kuishi leo, ajabu, ni saratani: uvimbe unaoambukizwa mbwa wanapopandana, ambao seli zake zote ni za mbwa mmoja aliyeishi Asia maelfu ya miaka iliyopita. Madaktari wa mifugo wa Afrika Mashariki wanaufahamu.

(Kiswahili nacho kina mtego wake hapa. "Mbwamwitu" tunamwita huyu wa kaskazini na pia yule mwenye madoa wa Serengeti, na wa Serengeti si babu wa mbwa yeyote.)

Istilahi ya kufugika inabanwa hasa na dingo wa Australia. Wazee wake waliletwa kwa vyombo vya majini zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Wenyeji walichukua watoto wa dingo mapangoni, wakawalea, wakalala nao usiku wa baridi, na wengine wakawazika. Walipopevuka, dingo wengi walirudi porini kuzaa. Walifugwa utotoni, na ukoo ukajizalia wenyewe huko nje. Wataalamu wangali wanabishana kama dingo ahesabiwe mbwa au mnyama wa mwitu, na kwa Kiswahili tunaweza kuuliza swali lao kwa maneno machache: je, aliyewahi kufugika anaweza kufuguka?