Wazee wa Bwaise na Amana ya Usafi

Bwaise haikujengwa kilimani kama Kibuli, Mengo au Nakasero. Imekaa bondeni, kaskazini ya Kampala, kando ya barabara iendayo Bombo. Na maji ya mvua yashukayo kutoka Makerere, Mulago na Kawempe hayana budi kupita hapo ndipo yafike Lubigi. Kutoka Lubigi hufuata mto Mayanja, kisha Kafu, mpaka mto Nile. Atakaye kuijua historia ya mtaa huu na aanze na maji hayo.

Hapo kale bonde la Lubigi lilikuwa makao ya mafunjo. Mafunjo hayo hayakuwa magugu ya bure, kwani yalipunguza mbio za maji, yakazuia matope na kuyachuja. Kila kiwanja kilichofukiwa ili kujengwa nyumba kiliyanyima maji mahali pa kutulia. Mwaka 1968 mipaka ya Kampala ilipopanuliwa, eneo la Kawempe pamoja na Bwaise liliingizwa mjini. Watu wakazidi, nyumba zikasongamana. Mwishoni mwa mwaka 1997 zilinyesha mvua kubwa mno, na kipindupindu kikaenea Kampala. Hapo ilibainika kuwa mtaro ulioziba ni jambo la uhai na mauti.

Lakini kazi ya kusafisha mitaro haikuletwa na maofisa wa mji. Katika Buganda ilikuwapo desturi ya bulungi bwansi, yaani wema wa nchi. Kila nyumba ilitoa mtu wa kulima njia na kusafisha visima, pasipo ujira. Ngoma ililia, na maana ya mlio wake ilijulikana na wote: hatakiwi mtu wa kujilaza. Ufalme ulipofutwa mwaka 1967, desturi hiyo ilipoteza mabwana wa kuiamrisha. Palipobaki kazi hiyo, ilibaki kwa hiari ya watu na kwa kumbukumbu za wazee, hata ufalme uliporudishwa mwaka 1993.

Uislamu, ulioingia katika baraza la Kabaka Suuna mwaka 1844, haukuwa na ugomvi na desturi kama hiyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Alikataza watu kujisaidia njiani, kivulini na penye maji yatumiwayo na watu. Yeye mwenyewe alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kisichotimia lita moja. Tena imepokewa habari ya mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alipofariki, watu walimzika pasipo kumpasha Mtume habari, wakidhani ni jambo dogo. Mtume alipomkosa aliuliza, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamsalia. Basi yule mwenye ufagio hakuwa mtu mdogo.

Kwa hiyo mzee au bibi wa miaka sabini anaposhika ufagio au koleo mahali wakutanapo wazee, asidhaniwe kuwa anapitisha wakati. Ana elimu isiyoandikwa katika ramani: anajua maji yalipita wapi kabla nyumba hazijajengwa, kisima gani kilikauka, na mti gani huvumilia ardhi ya majimaji.

Kazi ziwafaazo wazee si za nguvu nyingi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa la mita moja ya mraba hutoa lita moja. Basi paa la mita za mraba 100, katika mvua ya milimita 20, hutoa lita 2,000. Maji hayo yakipitishwa katika mfereji wa bati mpaka tangini, yanatosha kutawadhia watu wengi, na wakati huohuo ni lita 2,000 zisizoteremka kwa jirani aishiye chini. Maganda ya ndizi na viazi yakirundikwa shimoni hugeuka mbolea ya mboga. Ama mifuko ya plastiki, iitwayo kaveera, serikali iliipiga marufuku mwaka 2009, lakini haikutoweka. Mwenye kwenda sokoni na kikapu ameitii sheria pasipo kusubiri askari.

Yapasa kusemwa pia kwamba hiari ya wazee haiondoi wajibu wa serikali. Mfereji mkubwa wa Lubigi haukuweza kupanuliwa kwa majembe ya mtaa, wala kinamasi hakilindwi kwa mifagio. Hata hivyo, mfereji wa saruji ukijazwa taka hugeuka ukuta, na maji hurudi majumbani.

Hatari iliyopo sasa ni nyingine. Vijana wengi wamezoea kwamba kazi isiyo na ujira si kazi, na kila mwaka makaburi yanachukua wale wajuao njia za maji. Mzee akisafisha mtaro peke yake, mtaa umepata siku moja ya usafi. Akiusafisha na mjukuu wake, amana imepata wa kuipokea. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape afya wazee waliobaki, na awajaalie vijana wa Bwaise kuipokea kazi hiyo wakati wajuao wangali hai. Amin.