Filamu zilizokosa watu sinema zikapendwa sebuleni

Kwa miaka mingi hukumu ya filamu ilitolewa kwenye dirisha la tiketi. Tiketi zikiisha, filamu imefaulu. Zikibaki, iliondolewa baada ya wiki chache na nyingine ikashika nafasi yake. Televisheni, na baadaye deki ya video, ndizo zilizompa mtazamaji wa nyumbani nafasi ya kutoa hukumu ya pili. Mara kadhaa hukumu hiyo imeipindua ya kwanza.

The Wizard of Oz, ya kampuni ya MGM, ilitoka mwaka 1939. Watu waliitazama, ila gharama za kuitengeneza zilikuwa kubwa kiasi kwamba mzunguko wa kwanza haukuleta faida. Tarehe 3 Novemba 1956 kituo cha CBS kiliirusha kwa mara ya kwanza kwenye televisheni, na inakadiriwa kuwa watu milioni 45 waliitazama. Kuanzia mwaka 1959 ikawa inarudiwa karibu kila mwaka. Wengi wa watazamaji wa mwanzo walikuwa na televisheni zisizo na rangi, hivyo tukio mashuhuri kuliko yote liliwapita: Dorothy anafungua mlango wa nyumba iliyobebwa na kimbunga, na dunia iliyofifia inajaa rangi. Hata bila rangi hizo, waliipenda.

Mfano ulio wazi zaidi ni It's a Wonderful Life ya Frank Capra, iliyozinduliwa New York tarehe 20 Desemba 1946. James Stewart anaigiza mkopeshaji mwema wa mji mdogo anayetaka kujiua mkesha wa Krismasi, hadi malaika amwonyeshe mji huo ungekuwaje kama asingezaliwa. Matukio ya theluji yalipigwa California wakati wa joto kali. Kabla ya hapo, theluji ya filamu aghalabu ilikuwa cornflakes zilizopakwa rangi nyeupe, ambazo zilitoa kelele zikikanyagwa na kuwalazimu waigizaji kurekodi maneno yao upya. Mafundi wa Capra walichanganya povu la kuzimia moto, sabuni na maji, wakapata theluji isiyo na kelele. Ufundi huo ulipewa tuzo.

Filamu yenyewe haikuwa na bahati hiyo. Iliteuliwa kuwania tuzo 5 za Oscar na kuzikosa zote. Tuzo ya filamu bora ilikwenda kwa The Best Years of Our Lives ya William Wyler, ambaye alikuwa mbia wa Capra katika kampuni ya Liberty Films. Mauzo ya tiketi hayakutosheleza gharama, na mwaka 1947 Liberty Films ikauzwa kwa Paramount.

Kilichoiokoa ni uzembe wa makaratasi. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hakimiliki ilidumu miaka 28, kisha mwenye mali alipaswa kuomba muda mwingine. Mwaka 1974 ulipofika, ombi hilo halikuwasilishwa. Vituo vya televisheni vikaona vimepata filamu ya bure ya kujazia ratiba ya Desemba, vikairusha tena na tena. Watoto waliokua wakiiona kila Krismasi waliifanya kuwa sehemu ya sikukuu. Mwaka 1993 kampuni ya Republic Pictures ilitumia haki za hadithi ya msingi na za muziki kuufunga mwanya huo, na tangu 1994 haki ya kuirusha ikawa ya kituo cha NBC. Kufikia hapo filamu ilikwisha kupendwa.

Tamthilia za televisheni nazo zilipata nafasi hiyo. NBC iliisimamisha Star Trek mwaka 1969 baada ya misimu mitatu na vipindi 79. Vituo vya mikoani vilinunua marudio na kuyarusha saa ambazo vijana wako nyumbani. Umaarufu ukapanda, na mwaka 1979 ikatengenezewa filamu ya sinema.

Deki za video ziliongeza uhuru huo. Sony ilitoa Betamax mwaka 1975, na JVC ikafuata na VHS mwaka 1976. Kampuni za filamu za Universal na Disney ziliishtaki Sony, lakini tarehe 17 Januari 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kuwa kurekodi kipindi ili kukitazama baadaye nyumbani si kosa. Miaka kumi baadaye The Shawshank Redemption ilitoka na kukosa watu sinema. Mwaka 1995 ikawa miongoni mwa kanda zilizokodishwa sana Marekani, na kuanzia 1997 kituo cha TNT kiliirudia mara kwa mara.

Kazi zote hizi zilibaki kama zilivyotoka. Kilichobadilika ni urahisi wa kuzipata. Zisizokuwa na nakala hazikupata rufaa. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1960 na 1970, BBC ilifuta kanda nyingi ili zitumike tena, vikiwemo vipindi kadhaa vya tamthilia ya Doctor Who. Picha za baadhi yake hazijapatikana hadi leo, lakini sauti za vipindi vyote vilivyopotea zipo, kwa sababu watazamaji walizirekodi majumbani kutoka kwenye televisheni zao.