Taifa la Polandi: Watu Walionyang'anywa Nchi Wasipotee



Ninyi mkaao Fizi na Baraka mwajua maana ya kuvuka ziwa pamoja na watoto na mzigo mmoja kichwani. Mwaka 1996 wengi wa ndugu zetu walivuka hivyo mpaka Kigoma, wakapelekwa katika kambi ya Nyarugusu. Lakini hao hawakuwa wakimbizi wa kwanza kupokewa katika nchi ile. Zaidi ya miaka 50 kabla yao walipokewa huko Wazungu, wengi wao Wakatoliki, waliofukuzwa kwao. Ndio Wapolandi. Leo tusikilize habari zao.

Polandi ni nchi ya Ulaya, upande wa mashariki wa Ujerumani. Mtawala wake, Mieszko, alibatizwa mwaka 966, na watu wake wakaingia katika Kanisa kidogo kidogo. Mwaka 1025 mwanawe Bolesław akavikwa taji la kifalme. Baadaye ufalme ukaungana na Lituania, ukawa mmoja wa falme kubwa za Ulaya.

Tena ukaingia udhaifu. Wakuu walishindana wao kwa wao, na katika baraza lao neno la mmoja tu liliweza kuvunja shauri la wote. Jirani zao, Urusi, Prusia na Austria, waliona nyumba isiyo na umoja, wakaigawanya mara tatu: mwaka 1772, 1793 na 1795. Kwa miaka 123 hapakuwa na dola ya Polandi.

Je, watu nao walikwisha? La. Mama waliwafundisha watoto sala kwa lugha yao. Mwaka 1901, katika mji wa Września uliotawaliwa na Wajerumani, watoto wa shule walikataa kujibu mafundisho ya dini kwa Kijerumani. Walichapwa viboko, lakini hawakukubali. Mwaka 1918 Polandi ikapata tena uhuru wake.

Haukudumu. Mwezi wa Septemba 1939 Wajerumani waliingia kutoka magharibi, na Warusi kutoka mashariki. Warusi wakawahamisha watu wengi mno mpaka Siberia na Kazakistani, penye baridi na njaa. Waliookoka walipitia Irani, na tangu mwaka 1942 maelfu yao, hasa wanawake na watoto, wakaletwa Afrika ya Mashariki. Huko Tengeru, karibu na Arusha, walikaa wapata 5,000. Wakafungua shule, wakalima, wakasali. Huko Nyabyeya, karibu na Masindi katika Uganda, walijenga kanisa lililosimama mpaka leo.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wakomunisti waliosaidiwa na Warusi walishika utawala wa Polandi. Wakimbizi wengi hawakurudi. Wengine wamezikwa Tengeru. Mwaka 1978 Mpolandi, Karol Wojtyła, akawa Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, yeye aliyemtangaza Anuarite wetu kuwa Mwenye Heri, Kinshasa, mwaka 1985. Mwaka 1989 utawala wa Wakomunisti ukaondoka.

Basi, asiyasikie mtu haya akasema moyoni: nchi ni ya kabila langu tu. Polandi ilikuwa pia nchi ya Wayahudi, na watu wa Hitler waliwaua wapata milioni 3 kati yao, kwa sababu tu walikuwa Wayahudi. Kupenda watu wako ni wema; kumchukia jirani kwa ajili yao ni dhambi.

MAULIZO

1. Kwa nini ufalme wa Polandi uligawanywa?
Kwa sababu jirani zake walikuwa na tamaa, na wakuu wake hawakuwa na umoja.

2. Watu wasio na dola walilindwa na nini?
Na imani, lugha, na mafundisho ya wazazi nyumbani.

3. Mkimbizi Mkristu afanye nini?
Awafundishe watoto wake, asali pamoja na wenzake, wala asilee kisasi.